Sura ya 5: Simu Jikoni, Simu Barabarani

Mkaa si nishati ya bei rahisi Dar es Salaam. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, familia inayopikia mkaa mara nyingi haipishani mbali na ile inayopikia gesi, na kuna miezi inaizidi. Siri ya mkaa ni kwamba unauzwa kwa kopo. Mwenye shilingi elfu moja mkononi saa kumi na moja jioni anapata cha kupikia ugali wa usiku huo. Akienda na elfu moja hiyo kwenye duka la gesi, ataangaliwa tu. Mtungi mdogo wa kilo 6 unataka makumi ya elfu kwa mkupuo, na kwa kibarua wa ujenzi, mama lishe au dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya bosi, hela ya mkupuo haipo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku.

Nimeanza jikoni makusudi. Vitabu vingi vinavyozungumzia teknolojia ya kidijitali na hewa ukaa ya mijini huanzia kwenye chumba chenye skrini ukutani, mahali ambapo maofisa wa jiji wanatazama taa za barabarani zikibadilika rangi. Kwa miji yetu huo ni mwanzo wa mbali. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania, yaani takriban tani 500,000 kwa mwaka, ulikuwa unaungua Dar es Salaam peke yake. Na mkaa huo hutoka kwenye matanuri ya udongo huko porini, ambako kilo moja hula kilo 5 hadi 10 za kuni kabla haijaingia kwenye gunia. Unapotafuta hewa ukaa ya jiji la namna hii, sehemu kubwa utaikuta uani, karibu na ndoo za maji na beseni la vyombo.

Ndiyo maana kifaa kidogo kilichoanza kufungwa kwenye mitungi ya gesi Dar es Salaam muongo uliopita kinastahili kutazamwa kwa karibu kuliko roboti lolote. Kampuni ya KopaGas ilikuja na mita inayokaa kati ya mtungi na jiko. Mteja hanunui mtungi. Analetewa mtungi, jiko na mita, kisha anatuma hela kwa simu, kiasi alichonacho. Mita inapokea taarifa kwa mtandao wa simu, inafungua valvu, na kiwango cha gesi alicholipia kinaanza kuhesabiwa kushuka kwenye kioo chake kidogo. Kikiisha, valvu inajifunga, hata kama mtungi bado una gesi. Mita hiyohiyo inamwarifu msambazaji kuwa mtungi wa nyumba fulani unakaribia kwisha, na mwingine unapelekwa kabla mwenye nyumba hajakwama katikati ya maharage. Mwaka 2020 kampuni ya Circle Gas iliinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25 na kuipeleka Nairobi, ambako kwa kushirikiana na Safaricom ikawa M-Gas.

Kipimo cha gesi ya kulipia kidogo kidogo kilikuja mapema kuliko mtu yeyote alivyotaka. Mwaka huohuo wa 2020 amri za korona zilibana Nairobi, na katika mtaa wa Mukuru kwa Reuben vibarua vya viwandani na kazi za ndani vikakauka. Watafiti waliokuwa wakifuatilia majiko ya mtaa huo waliona kwamba asilimia 95 ya kaya zilizokuwa na gesi ya kulipia kidogo kidogo ziliendelea kuitumia. Walilipa mara nyingi zaidi, kila mara kiasi kidogo zaidi, lakini walipika. Kati ya waliokuwa wakinunua mtungi mzima, zaidi ya robo waliiacha gesi. Moto ulikuwa uleule na mtaa uleule. Kilichowatenganisha ni kama hela ya siku moja ilikubalika au la.

Hapo ndipo ninapoliweka dai la sura hii. Katika miji yetu, mchango mkubwa wa teknolojia ya kidijitali katika ufanisi wa kaboni hautokani na ujanja wa mashine. Unatokana na mambo mawili ambayo simu iliyafanya kuwa ya kawaida: kugawa malipo makubwa kuwa madogo, na kumwezesha muuzaji kumwamini mnunuzi asiyemjua. Na ninaposema ufanisi wa kaboni ninamaanisha kitu cha kawaida kabisa, yaani kiasi cha chakula kilichoiva, safari iliyofika au nyumba iliyowaka taa kwa kila kilo ya hewa ukaa iliyopanda angani. Gesi ya mtungi inatokana na mafuta ya ardhini, tusijidanganye, na siku moja nayo itabidi iondoke jikoni. Lakini ikilinganishwa na mkaa wa tanuri la udongo, ugali uleule unaiva kwa hewa ukaa kidogo zaidi, na mpishi hakohoi.

Umeme ulitangulia njia hii zamani. Tanzania ilianza kufunga mita za LUKU mwaka 1995, na jina lenyewe lilikuwa agizo: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Siku hizo ulipanga foleni kwenye dirisha la kuuzia, ukarudi nyumbani na karatasi yenye tarakimu ishirini. Leo tarakimu zile zinaingia kwenye ujumbe wa simu, hata saa sita usiku. Je, mita ya kulipia kabla inapunguza matumizi? Cape Town wachumi Kelsey Jack na Grant Smith walifuatilia zaidi ya wateja 4,000 waliohamishwa kutoka bili ya mwisho wa mwezi kwenda mita ya namna hiyo, na matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 14. Mtu anayeona uniti zikishuka huzima pasi.

Hata hivyo takwimu hiyo naitazama kwa jicho la wasiwasi. Uniti zilizookolewa na mwenye nyumba ya vyumba sita anayezima hita ya maji ni ufanisi. Uniti zilizookolewa na mjane aliyekaa gizani kwa sababu hela imeisha ni umaskini uliovaa nguo za ufanisi, na kwenye hesabu za jiji hizo uniti zinaonekana sawasawa. Isitoshe, nyumba iliyoishiwa uniti haiachi kula. Inarudi kwenye mkaa. Kwa hiyo mita peke yake inaweza kushusha umeme na kupandisha moshi, na mtaalamu aliyekaa mbele ya skrini yake akapongezana na wenzake.

Tutoke uani twende barabarani.

Kigali ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa pikipiki za abiria, zile wenyeji wanazoziita moto, ndizo zinazobeba mji. Kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwapa madereva pikipiki za umeme, na kuanzia Januari 2025 Rwanda iliacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria Kigali. Shida ya pikipiki ya umeme inajulikana: betri ni ghali kuliko kitu kingine chochote kilichomo, na dereva hawezi kusimama masaa akisubiri ichajiwe huku wenzake wakibeba abiria. Jibu lilikuwa kumwondolea dereva umiliki wa betri. Anafika kituoni, anachomoa iliyochoka, anachomeka iliyojaa, analipia nishati aliyotumia, anaondoka. Ni dakika chache, hazizidi za kujaza tenki. Yote hayo yanawezekana kwa sababu kila betri ina akili yake ndani: inajua iko wapi, ina chaji kiasi gani, na imepoteza uwezo kiasi gani tangu kiwandani. Bila taarifa hizo hakuna mfanyabiashara ambaye angekubali kuacha mali ya thamani hiyo izurure mjini chini ya makalio ya watu asiowajua.

Ni ileile habari ya mtungi wa gesi. Kitu ghali kimebaki kwa kampuni, mtumiaji analipia anachokitumia, na simu inakaa katikati kama mdhamini. Nairobi nako, ambako kampuni kama Roam zinaunda pikipiki hizi na M-KOPA inakopesha, dereva anarejesha mkopo kwa siku. Asiyelipa anaweza kuikuta imezimwa kutoka mbali. Kuna ukatili fulani ndani ya urahisi huo, na chama cha madereva kinachofahamu kazi yake kitataka kusoma mkataba kabla ya wanachama kutia saini.

Lakini pikipiki ya umeme ni safi kadiri umeme wake ulivyo safi. Kenya ina bahati hapa: takriban asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kule Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, mvuke hauendi kulala. Usiku watu wanapozima taa, mitambo inashushwa na mvuke mwingine huachwa upotee hewani kwa kukosa mteja. Ndipo mamlaka ya nishati ya Kenya, katika bei zake za mwaka 2023, ilipotenga bei maalumu kwa ajili ya kuchaji vyombo vya umeme, na usiku ikawa nusu ya bei ya mchana. Programu inayochelewesha chaji hadi saa za usiku inafanya kazi ndogo sana kiufundi, ila hewa ukaa inayookolewa ni ya kweli, kwa maana nishati hiyo ingepotea bure. Rwanda umeme wake ni mchanganyiko zaidi: maji, methani ya Ziwa Kivu, hata udongo wa kinamasi unaochomwa kama makaa. Na Tanzania imeonyesha jambo la tatu. Kabla ya 2024 zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwezi Februari mwaka huo, bajaji ya umeme iliyokuwa ikikatiza Sinza iliongezeka usafi bila mwenyewe kugusa hata nati.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba injini za mvuke zinazobana makaa ya mawe hazitapunguza matumizi ya makaa nchini mwake. Zitayaongeza, alisema, kwa sababu nguvu ikiwa rahisi watu watapata kazi mpya za kuipa. Jevons hakuwahi kuona simu, lakini anayetaka kuelewa programu za kuita teksi aanze na yeye.

Ahadi ya programu hizo ilikuwa tamu: dereva hazunguki ovyo akitafuta abiria, abiria watashirikiana gari, na wenye magari watayaacha nyumbani. San Francisco, jiji zilikozaliwa, watafiti walilinganisha mwaka 2010 na 2016. Muda ambao magari yalipoteza kwenye foleni ulikuwa umepanda kwa asilimia 62. Walipoziondoa programu hizo kwenye hesabu, wakakuta muda huo ungepanda kwa asilimia 22 tu. Shirika la wanasayansi la Marekani, Union of Concerned Scientists, lilikadiria mwaka 2020 kwamba safari ya gari la kuitwa kwa simu nchini humo hutoa hewa ukaa zaidi kwa asilimia 69 kuliko safari iliyochukua nafasi yake. Sababu ni mbili. Gari hutembea tupu kati ya abiria mmoja na mwingine, na abiria wengi walikuwa wa basi, wa baiskeli au wa miguu. Dar es Salaam na Nairobi sina shaka kwamba mkondo ni huohuo kwa wale wenye uwezo. Aliyekuwa anapanda daladala ya Mwenge kwa kulalamika sasa anaita bajaji kwa kubofya, na huwezi kumlaumu aliyebanwa mlangoni miaka kumi.

Je, kuna mji uliokwepa mtego wa Jevons? Upo, na njia yake haikuwa ya kupendeza watu. Stockholm walifunga kamera zinazosoma namba za magari kwenye njia zote za kuingia katikati ya jiji, na kuanzia Januari hadi Julai 2006 magari mengi yaliyopita yalitozwa. Magari yanayovuka mpaka huo yalipungua kwa takriban moja ya tano, na hewa ukaa ya magari katikati ya jiji ikashuka kati ya asilimia 10 na 14. Mwishoni mwa Julai tozo ikasimamishwa, maana ilikuwa majaribio. Kamera zilikuwepo palepale, mitambo ilikuwa ileile, na magari mengi yakarudi. Agosti 2007 tozo ikarejeshwa, yakapungua tena. Kama kuna mtu bado anadhani kamera ndiyo inayopunguza foleni, jaribio hilo limemjibu: kinachopunguza ni bei. Na kuna jambo ambalo wanaokwenda kujifunza Stockholm husahau kuliandika. Kabla ya kumtoza mtu senti moja, mwezi Agosti 2005, jiji liliingiza mabasi mapya takriban 200. Singapore nao walianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, kwa stika za karatasi kwenye kioo na walinzi waliosimama barabarani wakizichungulia. Mitambo ya elektroniki ilikuja 1998. Miaka 23 walifanya kazi hiyo kwa macho.

Mabasi yanaturudisha kwetu. Mfumo wa mabasi ya mwendokasi wa Dar es Salaam ulipoanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, kilichobadilisha maisha kilikuwa zege: njia ya peke yake ambayo gari la mkubwa halipiti. Tiketi za kusomwa na mashine zilikuja, kadi zikaja, na zote ni vitu vizuri. Lakini simama Kimara asubuhi uone. Abiria ana kadi yenye salio, geti linafunguka kwa mlio mzuri, halafu anakuta watu mia tatu wanasubiri basi ambalo likija limejaa. Hakuna programu ya kumpatia basi ambalo halikununuliwa. Na karakana ya mabasi yenyewe ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, ambako mvua kubwa zimeizamisha zaidi ya mara moja. Ramani ya mafuriko ya bonde lile haikuhitaji setilaiti. Wazee wa Magomeni wangeichora kwa kidole.

Nairobi ina mfano wa taarifa zilizofanya kazi yake bila makeke. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu mfukoni na kurekodi kila kituo. Mwezi Januari 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130, mfumo ambao kila mtu aliutumia na hakuna ofisi iliyokuwa nao kwenye karatasi. Mwaka uliofuata ikaingia Google Maps. Ramani haikuondoa hata tone la dizeli. Ilichofanya ni kuonyesha kwamba karibu njia zote zinakimbilia katikati ya mji, hivyo anayetoka mtaa mmoja wa pembeni kwenda mwingine analazimika kupitia msongamano wa watu wote. Mpangaji wa jiji anayetaka kupunguza kilomita za bure ana pa kuanzia.

Kuna hesabu moja ambayo wauzaji wa miji ya kidijitali huiacha nje ya picha, nayo ni umeme wa kompyuta zenyewe. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati, vituo vya data vilikula saa-terawati 415 mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na huenda zikafika takriban 945 mwaka 2030. Kwa wastani wa dunia si kitisho. Kwa mji mmoja ni habari nyingine. Nchini Ireland, ambako vituo hivyo vimerundikana Dublin, sehemu yao ya umeme wa nchi ilitoka asilimia 5 mwaka 2015 hadi 21 mwaka 2023, ikapita nyumba zote za mijini kwa pamoja. Msimamizi wa gridi akalazimika kuwafungia mlango waombaji wapya wa Dublin. Nasi tuko mlangoni. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza kituo cha data Olkaria, kikianza na megawati 100 na ndoto ya kufika 1,000. Mwanzoni mwa 2025 kilele cha mahitaji ya umeme ya Kenya nzima kilikuwa megawati 2,300 na ushee. Mvuke uleule wa usiku ambao ungechaji bodaboda za Nairobi una mwombaji mwingine mwenye mfuko mrefu, na nani apewe ni uamuzi wa kisiasa. Wananchi wauulizie mapema.

Nimalizie na watu ambao sijawahi kuwaona wakitajwa kwenye mpango wowote wa tabianchi. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya simu janja, karibu asilimia 80 kwa simu nyingi za Apple kwa mujibu wa ripoti za kampuni yenyewe, hutoka wakati wa kuitengeneza. Kuichaji ni senti tu. Maana yake simu safi kuliko zote ni ile ambayo imeshatengenezwa na bado inafanya kazi. Nenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi. Meza ina upana wa mkeka wa kuswalia, taa ya shingo ndefu, mashine ya kupuliza hewa moto, na sahani za sumaku zenye skrubu ambazo macho yangu hayazioni. Niliwahi kupeleka simu iliyokuwa inazima yenyewe, nimeshaikatia tamaa.

"Mzee wangu, hii haijafa," kijana akaniambia bila kuinua kichwa. "Betri tu imechoka. Kaa hapo kidogo."

Nilikaa kidogo, nikaondoka nayo inafanya kazi. Vijana kama yule wako maelfu, wanakata hewa ukaa kila siku bila kulipwa na mfuko wowote wa tabianchi. Halmashauri inayoandika mpango wa jiji la kidijitali, kabla ya kuagiza skrini za ukutani, iwape mambo matatu: eneo lenye umeme wa uhakika lisilovunjwa na mgambo, mafunzo ya kushika betri zilizovimba, na mahali pa kupeleka mabaki ambayo leo yanaishia kwenye mtaro.